Waamuzi, Mitume na Nyaraka: Juu ya Baadhi ya Istilahi za Mafunzo ya Biblia

Mafunzo ya Biblia katika vikundi yameenea sana katika Afrika ya Mashariki. Wakatoliki huyafanya katika jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, na Waprotestanti katika shule za Jumapili, mikutano ya akina mama na vikao vya vijana. Kitabu huchaguliwa, sura husomwa, kisha watu wakajadiliana. Aghalabu mjadala huo hukwama, au huenda kombo, si kwa sababu ya ugumu wa mafundisho yenyewe, bali kwa sababu neno fulani la Kiswahili lilitiwa katika Biblia wakati lilipokuwa na maana moja, na leo lasomwa na watu wanaolijua kwa maana nyingine. Makala hii yakusudia kueleza maneno machache ya namna hiyo. Hatukusudii kuamua mambo ya imani. Kazi hiyo ina wenyewe.

Tuanze na neno ambalo halimo katika Biblia, lakini latumiwa sana na waandishi wa vitabu vya kuongozea mafunzo, nalo ni *mhusika*. Katika ofisi, mhusika ni yule ambaye jambo lamhusu, kwa hiyo barua hupelekewa "mhusika". Wahakiki wa fasihi wamelipa kazi nyingine: kwao ni mtu, au hata mnyama kama sungura wa hadithi zetu, atendaye jambo ndani ya kisa. Wapo Wakristo ambao hawapendi kumsikia Daudi au Ruthu akiitwa mhusika, kwa hofu kwamba neno hilo lamfanya kuwa mtu wa kubuniwa. Kwa upande wa lugha hofu hiyo haina msingi. Mhusika halisemi kwamba mtu aliishi wala kwamba hakuishi. Lasema tu kwamba ana nafasi katika masimulizi.

Tena neno hili lina faida ambayo neno *mtu* peke yake halina. Tukiuliza Daudi alikuwa mtu wa namna gani, twaweza kukusanya habari zake kutoka vitabu vyote vinavyomtaja. Lakini tukiuliza Daudi ni mhusika wa namna gani katika sura ya 11 ya Samweli wa Pili, yatubidi tukae ndani ya sura hiyo. Hapo twamwona mfalme abakiye Yerusalemu ilhali jeshi lake liko vitani, atumaye watu kuulizia, kisha atumaye watu kuleta, na mwishoni atumaye barua ya kumwua Uria kwa mkono wa Uria mwenyewe. Ukifungua Mambo ya Nyakati, huoni kisa hicho cha Bathsheba na Uria. Mwandishi amelipita jambo hilo kimya. Basi mtu ni mmoja, lakini wahusika ni wawili, na kikundi kinachochanganya vitabu hivyo viwili tangu mwanzo hupoteza nafasi ya kujiuliza kwa nini mmoja alisema na mwingine akanyamaza.

Neno la pili ni *waamuzi*, jina la kitabu cha saba cha Agano la Kale. Kijana wa leo akisikia mwamuzi, fikira zake huenda uwanjani, kwa mtu mwenye filimbi. Mzee wake huenda akafikiri juu ya mahakama. Wote wawili watashangaa wakifika kwa Ehudi, aliyemchoma mfalme Egloni kwa upanga aliouficha pajani, au kwa Samsoni, ambaye katika sura nne nzima hasuluhishi kesi hata moja. Miongoni mwa wakubwa wanaosimuliwa humo, ni Debora peke yake anayeonyeshwa dhahiri akiketi mahali pamoja, chini ya mtende, na watu wakimwendea ili awaamulie mashauri yao.

Neno la Kiebrania lililofasiriwa hivyo ni *shofet*, na shina lake lilikuwa pana kuliko kazi ya hakimu. Watu wa Karthago, ambao lugha yao ilikuwa ndugu ya Kiebrania, waliwaita watawala wao wakuu kwa neno la shina hilo hilo. Maana yake basi ni mtu anayewasimamishia watu haki yao, iwe kwa hukumu, iwe kwa kuwaongoza vitani dhidi ya wanaowaonea. Wafasiri hawakuchukua *hakimu* wala *kadhi*, na kwa maoni yangu walifanya vyema. Kuamua, katika Kiswahili cha zamani, ni kwanza kabisa kuwatenga wanaopigana: mtu huingia kati, huwaachanisha, na ugomvi hukoma. Hukumu ni maana iliyofuata. Kwa hiyo neno hili lafaa hata leo, mradi kiongozi wa mafunzo alirudishe kwenye kitenzi chake kabla ya kuanza kusoma. Akifanya hivyo, swali la kuuliza juu ya Gideoni au Yeftha litakuwa: ni ugomvi gani aliouachanisha, na ni upi aliouongeza? Habari ya Yeftha na binti yake, na ya vita vyake na Waefraimu, haiwezi kusomwa vizuri bila swali hilo.

Sasa tufike kwenye maneno yanayostahili kukaliwa zaidi: *mtume*, *mtumishi* na *mtumwa*. Matatu haya ni watoto wa kitenzi kimoja, tuma. Mtume ni atumwaye na ujumbe. Mtumishi ni atumikaye. Mtumwa, kwa umbo lake, ni yule anayetumwa tu, ambaye hana la kusema juu ya safari yake. Msomaji wa Waraka kwa Warumi katika Biblia ya Muungano, iliyotoka mwaka 1952, huona katika mstari wa kwanza kabisa Paulo akijiita mtumwa na mtume kwa pumzi moja. Mhubiri hodari hawezi kuuacha mlio huo upite, na wengi wamejenga juu yake hotuba nzuri. Lakini yafaa ieleweke kwamba mlio huo ni wa Kiswahili. Katika Kiyunani maneno hayo mawili, *doulos* na *apostolos*, hayana shina moja wala hayafanani sauti. Ni zawadi ya lugha yetu, na kuifurahia si kosa. Kosa ni kudai kwamba Paulo ndiye aliyeikusudia.

Jambo jingine ni uzito wa neno mtumwa lenyewe. Askofu Edward Steere, ambaye tafsiri yake ya Agano Jipya ilichapishwa mwaka 1883, mwaka mmoja baada ya kifo chake, alifanya kazi Unguja. Soko la watumwa la mji huo lilifungwa mwaka 1873, na kanisa la misheni yake likajengwa mahali pale pale. Hata hivyo utumwa wenyewe uliendelea: Unguja na Pemba hali ya utumwa ilifutwa kisheria mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Walioyasikia maneno ya Paulo kwa Kiswahili mara ya kwanza walimjua mtumwa kwa sura na kwa jina. Wengine walikuwa watumwa wao wenyewe, au watoto wao. Biblia Habari Njema, iliyotoka katika miaka ya 1990, yapendelea neno mtumishi pale ambapo Paulo ajitaja mwenyewe. Sababu yaweza kueleweka, kwani neno mtumwa lachoma. Lakini mtumishi wa leo ana mshahara, likizo na pensheni, na mtu akisoma hivyo hawezi kuona ukali wa jambo ambalo Paulo alilisema juu ya nafsi yake. Vikundi vyenye tafsiri zote mbili mezani vingefanya vyema kuzisoma pamoja.

Jambo hili laonekana waziwazi katika kitabu kifupi cha Filemoni, chenye sura moja na mistari 25. Paulo akiwa kifungoni amwandikia Filemoni, bwana mwenye mtumwa aitwaye Onesimo, akimwomba ampokee tena, wala si kama mtumwa bali kama ndugu mpendwa. Jina Onesimo kwa Kiyunani lamaanisha mwenye kufaa, na Paulo alichezea maana hiyo: zamani hakukufaa, sasa atufaa. Kwa kuwa majina ya watu hayafasiriwi, mchezo huo wapotea katika Kiswahili, na mwalimu asipousema hakuna atakayeujua.

Kitabu hicho kwa jina lake la kimapokeo ni *Waraka* wa Paulo kwa Filemoni. Waraka asili yake ni Kiarabu, maana yake karatasi, na katika Kiswahili cha zamani ulikuwa barua yoyote: ya salamu, ya biashara, hata ya mapenzi. Lakini serikali zetu, mashirika na shule zimelichukua neno hilo na kulipa kazi ya pekee. Waraka siku hizi ni maagizo yatokayo juu kwenda chini, yenye namba na tarehe, ambayo mpokeaji hatakiwi kujibu ila kutekeleza. Msomaji aliyezoea nyaraka za Wizara akiukuta waraka wa Paulo, husikia sauti ya mkubwa. Na hapo ndipo anapokosa kiini cha kitabu, kwa maana mwandishi mwenyewe, katika mistari ya 8 na 9, asema kwamba angeweza kuamuru lakini amechagua kusihi. Kisha aahidi kulipa deni lolote la Onesimo kwa fedha yake, na aomba atayarishiwe chumba cha kufikia. Huo si mwendo wa maagizo. Neno *barua*, litumiwalo na Biblia Habari Njema, hapa lina haki kabisa. Hatudai kwamba jina la zamani lifutwe. Limekwisha kukaa katika liturujia na vinywani mwa watu. Twashauri tu kwamba vitabu vya mafunzo viseme "barua" mwanzoni mwa maelezo, ndipo vitaje "waraka" kama jina la kitabu.

Majina mengine ya vitabu hayana shida kubwa. *Hesabu* huwachekesha watoto wa shule, wakidhani ni somo la kujumlisha na kutoa. Jina hilo limepitia Kiyunani, kwa ajili ya watu kuhesabiwa katika sura ya 1 na ya 26. Kiebrania huita kitabu hicho Jangwani, na kwa kweli hilo lingeeleza yaliyomo vizuri zaidi. *Kumbukumbu la Torati*, kwa upande mwingine, lashinda jina la Kiyunani lenye maana ya sheria ya pili. Kitabu hicho hakileti sheria ya pili. Chawahimiza Waisraeli wakumbuke ile waliyopewa. Ngeli ya "kumbukumbu la" ni ya kale, nasi hatuoni haja ya kuisahihisha.

Kuhusu majina ya watu, Kiswahili kimehifadhi jambo ambalo lugha nyingine zimelipoteza. Mwingereza ana jina moja kwa mwana wa Isaka na jingine kwa mtume aliyekuwa ndugu wa Yohana. Kwetu wote ni Yakobo, kama ilivyo katika Kiyunani pia. Ila tafsiri zetu zatofautiana zenyewe kwa zenyewe: Ibrahimu wa Biblia ya Muungano ni Abrahamu katika Habari Njema, na Sulemani ni Solomoni. Umbo la kwanza lasikika kwa jirani Mwislamu kama jina la nyumbani. La pili liko karibu zaidi na matamshi ya Kiebrania na Kiyunani. Kikundi kichague moja, lakini faharasa ya kitabu cha mafunzo ionyeshe yote mawili.

Limebaki neno moja lenye mzozo wa kweli, nalo linamhusu Fibi wa Kenkrea, atajwaye mwanzoni mwa sura ya 16 ya Warumi. Paulo amtaja kwa neno *diakonos*. Neno hilo hilo, likiwa katika wingi mwanzoni mwa Wafilipi, Biblia ya Muungano yalifasiri *mashemasi*. Kwa Fibi yasema *mhudumu*, na Habari Njema yasema *mtumishi*. Wafasiri wana hoja yao, kwani Kiyunani chalitumia neno hilo pia kwa huduma ya kawaida isiyo na cheo, na Paulo alijiita hivyo yeye na Apolo. Lakini mhudumu wa leo yuko hotelini na zahanati, na shemasi yuko madhabahuni. Mwanamke aketiye katika kikundi na kusoma Kiswahili peke yake hana njia ya kujua kwamba kuna swali hapo. Kama Fibi alikuwa na cheo au hakuwa nacho, na kama jambo hilo lafungua mlango kwa wanawake wa leo au la, makanisa yana majibu mbalimbali, na mtu wa istilahi hana kura. Anachoweza kuomba ni tanbihi ya mstari mmoja chini ya ukurasa: kwamba neno lililofasiriwa "mhudumu" hapa ndilo lifasiriwalo "shemasi" kwingineko.