Kuchemsha Maji Pekee Hakutoshi

Kila jioni, katika nyumba nyingi za viunga vya Arusha, toka Ngaramtoni mpaka Tengeru, sufuria kubwa ya maji huinjikwa jikoni. Mama wa nyumba huyaacha maji yatokote, huyaepua, huyapoza, kisha huyamimina katika chujio la ndoo mbili lenye mishumaa ya udongo wa kuchoma. Asubuhi watoto hunywa, na wengine hujaza chupa za kwenda nazo shuleni. Mama huyo ametenda yote aliyofundishwa na mabwana na mabibi afya, wala hana la kulaumiwa. Hata hivyo, lipo jambo moja ambalo moto wake haukuliondoa wala mishumaa yake haikulizuia. Jambo hilo ni madini ya floraidi.

Madini haya hayakuletwa na kiwanda wala hayakutokana na uzembe wa mtu. Asili yake ni miamba ya volkano ya Meru na Kilimanjaro. Maji ya mvua yanapopenya ardhini huyayeyusha madini hayo na kuyabeba hadi kwenye chemchemi, mito na visima. Ndiyo maana kiasi chake hutofautiana mno baina ya chanzo na chanzo: chemchemi moja yaweza kuwa njema, na kisima kilicho jirani nayo kikawa na floraidi maradufu. Mto Maji ya Chai, wilayani Arumeru, umejulikana kwa miaka mingi kwa wingi wa madini hayo, na maziwa ya Momela ndiyo yamezidi kabisa.

Floraidi kidogo si adui. Hulinda meno yasioze, na kwa sababu hiyo hutiwa hata katika dawa za meno. Madhara huanza inapozidi. Mtoto anayekunywa maji ya namna hiyo tangu kuzaliwa hadi umri wa miaka minane hivi, wakati meno yake ya ukubwani yanapojengeka ndani ya ufizi, huota meno yenye mabaka ya kahawia ambayo hayatoki kwa mswaki wala kwa mkaa. Inapozidi zaidi na kwa miaka mingi, madini huingia mifupani; viungo hukakamaa, mgongo hupinda, na watoto hupata matege. Watu wa Kaskazini wamezoea kutambuliwa kwa meno yao wafikapo mikoa mingine, na wengi wamejifunza kucheka huku wamefumba mdomo. Utani huo umezoeleka kiasi kwamba tumesahau kuuliza kwa nini kizazi kingine nacho kilelewe ili kije kutaniwa.

Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Nchini Tanzania, kiwango cha muda kilichowekwa mwaka 1974 kwa maji ya vijijini kiliruhusu hadi miligramu 8. Waliokiweka hawakuwa wajinga. Walijua kwamba kufuata kiwango cha dunia kungelazimu kufunga vyanzo vingi ambavyo wananchi hawakuwa na badala yake. Baadaye kiwango kilishushwa hadi miligramu 4, na hatimaye taifa likafikia 1.5. Hiyo ni hatua ya kupongezwa. Lakini kubadili tarakimu katika karatasi hakubadilishi maji yaliyo ndani ya bomba.

Sasa na turudi jikoni kwa yule mama. Kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu, kuhara damu na homa ya matumbo, lakini floraidi si kijidudu. Haifi kwa moto, wala haipandi na mvuke. Tuseme ametia sufuriani lita mbili za maji yenye miligramu 3 kwa lita; jumla ni miligramu 6. Akiyaacha yatokote mpaka ibaki lita moja na nusu, zile miligramu 6 zote zimo bado, na sasa kila lita ina miligramu 4. Kadiri alivyozidi kuchochea kuni kwa nia njema, ndivyo alivyozidi kuyakoleza.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi watu waache kuchemsha. Maji ya bomba yanapokatika na kurudi, uchafu huweza kupenya katika nyufa za mabomba, na matangi yasiyooshwa hufuga vijidudu. Kuhara humwua mtoto kwa siku chache, ilhali floraidi humdhuru kwa miaka. Kwa hiyo moto uendelee kuwaka. Tunachosema ni kwamba maji yana maadui wawili, na silaha ya mmoja haimdhuru mwenzake.

Ni vivyo hivyo kwa machujio. Mishumaa ya udongo hunasa tope na vijidudu, lakini floraidi iliyoyeyuka hupita humo kama chumvi ipitavyo katika kitambaa. Mkaa wa kawaida wa machujio ya dukani huondoa harufu na ladha ya dawa ya klorini, na kwa floraidi hausaidii kitu cha maana. Mitambo inayosukuma maji kwa nguvu kupitia utando mwembamba sana huiondoa, lakini ni ghali, huhitaji umeme, na humwaga sehemu kubwa ya maji yaliyoingia. Anayenunua chujio kwa kuvutiwa na rangi ya ndoo, bila kuuliza linaondoa nini, ni kama mgonjwa anayechagua dawa kwa uzuri wa chupa.

Ipo njia iliyo karibu na uwezo wetu: mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe huchomwa katika tanuri kwa joto linalodhibitiwa, husagwa kuwa chembechembe, na maji hupitishwa humo. Floraidi hung'ang'ania mkaa na maji hutoka yakiwa mepesi. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, kilicho chini ya Wizara ya Maji, kimeishughulikia njia hii kwa miaka mingi, na huko Nakuru, nchini Kenya, Jimbo Katoliki limeieneza mijini na vijijini. Pale Tengeru, katika Taasisi ya Nelson Mandela, Dakta Askwar Hilonga alibuni chujio la mchanga na chembe ndogo mno linaloweza kutengenezwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika, na mwaka 2015 akatunukiwa tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi.

Hata hivyo mkaa wa mifupa una masharti. Ukichomwa vibaya, maji hunuka na watu huyakataa. Wapo pia ambao dini yao huwataka wajue mifupa hiyo ni ya mnyama gani, na haki hiyo waheshimiwe. Na lililo kubwa ni kwamba mkaa huchoka kimyakimya. Siku uwezo wake unapokwisha, maji hutoka yaking'aa kama jana, na floraidi yote imo. Chujio lisilopimwa wala kubadilishwa mkaa humpa mwenye nyumba utulivu wa moyo tu.

Msaada mwingine hutoka juu ya mapaa. Maji ya mvua karibu hayana floraidi. Familia inayotumia lita 20 kwa siku kwa kunywa na kupikia tu, ikijaza tangi la lita 5,000 wakati wa masika, ina akiba ya miezi minane. Mvua ya kwanza imwagwe ili ioshe paa, na maji yachemshwe kabla ya kunywewa. Ya kuogea na kufulia yatoke bombani bila hofu. Na yafaa tukumbuke kwamba magadi tunayotia katika makande na maharage ili yaive upesi nayo huweza kuwa na floraidi nyingi. Mama aliyehangaika kuitoa majini asiirudishe kwa kijiko.

Lakini si haki mzigo wote utwikwe jikoni. Mradi mkubwa wa maji wa jiji, uliogharimiwa kwa sehemu kubwa na mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ulitafuta maji hata wilayani Hai ili kuongeza wingi na kupunguza floraidi. Kazi hiyo inastahili shukrani. Kinachobaki ni mwananchi kujua yaliyomo katika bomba lake mwenyewe. Ankara ya maji humweleza ametumia kiasi gani na anadaiwa shilingi ngapi. Mstari mmoja zaidi, unaotaja floraidi iliyopimwa katika chanzo kinachomhudumia, haungehitaji karatasi ya pili. Na kwa wanaochota visimani, tarakimu hiyo ingebandikwa katika ofisi ya kata.

Akiwa na tarakimu hiyo mkononi, yule mama angejua kama chujio lake linatosha au la. Bila hiyo, ataendelea kuchochea kuni kila jioni, na mwanawe mdogo ataendelea kunywa, mpaka siku atakapong'oka meno ya utotoni.