Mwerezi, Mwangati na Mkunazi: Miti Mitatu Isichanganywe

Mkristo wa kambi ya Makenke husoma habari za mwerezi katika Biblia. Seremala humwambia mkewe kwamba sanduku la "seda" halipati nondo. Jirani yao Mwislamu naye humsikia shehe akitaja sidri. Majina haya yakaribiana masikioni, lakini kila moja lina mti wake, na anayeyachanganya aweza kupoteza fedha za nyumba.

Mwerezi ni mti wa milima ya Lebanoni. Mfalme Suleimani alipojenga Hekalu la Yerusalemu, Hiramu mfalme wa Tiro alimpelekea magogo yake kwa njia ya bahari. Katika Mambo ya Walawi, kuhani aliagizwa autumie katika kumtakasa mwenye ukoma aliyepona. Wamisri nao waliuthamini: merikebu ya Farao Khufu, iliyogunduliwa kando ya piramidi mwaka 1954, ina urefu wa meta 43 hivi, na sehemu yake kubwa ni mwerezi uliodumu yapata miaka 4,500. Heshima hiyo ina asili yake. Ubao huu hunukia na hauozi upesi, ndipo ukawa mfano wa usafi na wa uaminifu usioharibika.

Sidri ya Waislamu ni mkunazi. Majani yake hutiwa katika maji ya kuoshea maiti, na Kurani yautaja mkunazi wa mwisho, Sidratul Muntaha, katika Sura ya Najm.

Seda ya Afrika Mashariki ni mwangati, ambao Wakenya wengi huuita mtarakwa. Ni jamaa ya saipresi, wala si ya mwerezi. Humea katika nyanda za juu za Ethiopia, Kenya na Tanzania. Hapa Uganda wapatikana katika milima ya Karamoja, kama vile Moroto, na askari aliyewahi kutumikia huko huenda aliuona. Waogiek wa msitu wa Mau huchonga mizinga ya nyuki kwa mti huu. Katika Usambara, Wajerumani walijenga njia ya kamba za chuma kuteremsha magogo kutoka Shume hadi Mkumbara. Mbao zake hupasuka kwa unyofu, kwa hiyo zilitafutwa sana kwa kutengenezea penseli.

Anunuaye nguzo ya ua na aitazame ncha yake. Kiini chekundu ndicho kishindacho mchwa. Sehemu nyeupe ya nje huliwa kama mti mwingine wowote. Kabla ya kupigilia msumari, toboa kwanza kwa keekee, maana ubao huu hupasuka upesi.

Kwa sweta na mablanketi ya sufu, fua na ukaushe kwanza, kwani mabuu ya nondo hupenda jasho na uchafu. Kisha weka maranda ya mwangati katika kifuko cha kitambaa, ukifunge sanduku barabara. Harufu ikififia, badili maranda, au upige msasa ubao wa ndani. Harufu hiyo ni msaada tu: nguo ambayo tayari ina mabuu haitaponywa nayo. Mafuta ya mti huu yasinywewe kama dawa, na yawekwe mbali na watoto.

Yako mafunzo makubwa zaidi. Mwangati hukua polepole. Nguzo ikatwayo kwa dakika chache ilihitaji miongo ya miaka kukomaa. Katika Ethiopia, ambako huitwa tid, milima mingi imebaki uchi, lakini mwangati umesalia katika nyua za makanisa ya kale, kwa sababu waumini waliona kwamba kuukata hapo ni kuvunja heshima ya mahali patakatifu. Hapo imani ilifanya kazi ya mlinzi wa misitu.

Basi, askari aliye doria mlimani asiukate mwangati kwa kuni wala makaa. Nasi wa Mbarara na Nakivale, ambako kuni hutafutwa mbali kila mwaka, tupande mikaratusi ya kuni penye nafasi, mbali na chemchemi na mashamba, ili miti ikuayo polepole iachwe ikomae.