Mvinyo wa bei nafuu Mitundu na Dzaleka: chupa namba nne ilikuwa ya nani?

JUMAMOSI moja ya Agosti 2018, saa kumi na moja jioni, tulikaa watu watano nyuma ya duka la rejareja huko Mitundu, mji mdogo wa biashara ulio kusini mwa Lilongwe, Malawi. Mbele yetu zilisimama chupa nne zilizovalishwa soksi, jagi moja la plastiki, na vikombe vitano vya rangi moja. Wateja waliokuja kununua sabuni walichungulia uani, wakadhani tunafanya uganga.

Hatukuwa waganga. Tulikuwa wanywaji wenye pesa kidogo tuliotaka kujua, kati ya mvinyo tunaoumudu, upi unastahili pesa hiyo.

Wasomaji wasiokunywa, na kwetu Rumonge ni wengi, wanisamehe. Lakini hata wao watakuwa wanamjua mtu anayevusha chupa mpakani, na habari hii inamhusu.

Kwanza niseme tulivyofahamiana. Niliondoka Burundi nikiwa kijana wa miaka 14, nikapita Kigoma, nikaishia Dzaleka, kambi iliyofunguliwa mwaka 1994 wilayani Dowa, kama kilomita 40 kaskazini mwa Lilongwe. Kabla ya kuwa kambi, pale palikuwa gereza la enzi za Kamuzu Banda. Mimi nilisoma hapo, kwa Kiingereza na Kichewa, na Kiswahili tukakipatia uani, maana ndicho kilichotuunganisha sisi wa Burundi na wenzetu wa Kongo. Mwaka 2008 nilirudi nyumbani. Burundi ilikuwa imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka mmoja kabla, na aliyejua Kiingereza hakukosa darasa. Niliyekaa naye dawati moja hakurudi. Alifungua duka Mitundu, akaoa, na kila nikipata likizo ndefu na nauli, nashuka Kigoma, Mpanda, Sumbawanga, Mbeya, navuka Kasumulu kuingia Songwe, kisha Karonga, Mzuzu, hadi kwake.

Enzi za shule mvinyo tuliujua kwa jina la divai, nao ulikuwa wa altareni, padri akinywa peke yake. Kinywaji cha watu kilikuwa Chibuku ya pakiti, unayoitikisa kwanza, na kwa wenye pesa bia ya Carlsberg, ambayo Malawi iliitengeneza tangu 1968. Mvinyo ulikuja baadaye, Afrika Kusini ilipojaza rafu za maduka ya Lilongwe.

Masharti ya soksi

Basi siku ile tulikuwa mimi, Mwenye Duka, mkewe ambaye namwita shemeji, Fundi cherehani mmoja wa Uvira, na Dereva wa minibasi, Mmalawi aliyejifunza Kiswahili kwetu na anayemwita kila mtu "achimwene". Sharti la kwanza lilikuwa la bei: chupa isizidi kilo tatu za nyama ya ng'ombe kwa bei ya sokoni siku hiyo. Kwa nini nyama na si kwacha? Wenzangu waliiona kwacha ikishushwa thamani mwaka 2012, na tangu hapo Mwenye Duka hapimi kitu kwa noti. Sharti la pili, chupa zivalishwe na mtu asiyeonja. Kazi hiyo ilifanywa na watoto, kwa soksi za shule. Sharti la tatu, kila mtu aandike alama kati ya kumi bila kuzungumza. Karatasi niliwapa mimi, nyuma ya mitihani ya zamani.

Chupa zenyewe ni hizi. Four Cousins nyekundu, tamu, kutoka bonde la Robertson huko Afrika Kusini. Nyekundu nyingine ya huko huko isiyo na sukari. Nyekundu kavu ya Dodoma niliyoibeba mwenyewe kutoka Mbeya. Dompo, nayo ya Dodoma, tamu na yenye nguvu kuliko wenzake. Ndani ya jagi tulimimina mvinyo wa boksi, ambao Fundi alishaapa kwamba ni maji ya kuoshea mapipa.

Matokeo yalituumbua. Dereva alionja namba mbili, akafumba macho, akasema, "Achimwene, hii ni ya Afrika Kusini, ya wakubwa. Nimeinywa hotelini mjini." Soksi ilipovuliwa ikawa Dodoma. Fundi alilipa jagi alama nane, ya juu kuliko zote alizotoa. Alipoonyeshwa boksi alisema tumebadilisha. Mpaka leo anasema tulibadilisha.

Four Cousins ilishinda kwa jumla ya alama, na hilo sikulishangaa, kwani ulimi wa mtu aliyezoea fanta huanza na sukari. Ila shemeji akaleta mbuzi wa kuchoma, tukarudia raundi nzima, na mambo yakageuka. Utamu uliotuteka mwanzo ukawa kama jamu juu ya nyama. Zile kavu, ambazo zilikuwa zinakwaruza koo, zikatulia pamoja na mafuta na chumvi. Ya Dodoma ikapanda kutoka nafasi ya nne hadi ya kwanza. Dompo ilibaki kipenzi cha shemeji raundi zote mbili, lakini alikiri kwamba kikombe cha tatu hakifai kwa mtu mwenye watoto wa kuamsha asubuhi.

Tangu siku ile simsikilizi anayeniambia chupa fulani ni nzuri kabla hajaniambia aliinywa na nini.

Kuhusu boksi niongeze neno, kwa sababu wafanyabiashara wengi hulidharau. Ndani yake kuna mfuko unaosinyaa kadiri unavyomimina, hivyo hewa haiingii. Waaustralia waliubuni mwaka 1965. Chupa ukishaifungua ina siku mbili au tatu kabla haijaanza kuchacha, lakini boksi hukaa wiki kadhaa. Kwa mwenye kigrosari kijijini anayeuza kwa kikombe, hesabu iko wazi, tena halivunjiki kwenye basi.

Nayo Dodoma wengi wetu tunaipita tukiwa tumelala. Zabibu zilipelekwa pale na wamisionari wa Kitaliano miaka ya 1950, na kwa joto lile mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo Ulaya hawalijui. Anayevusha chupa hizo akumbuke kwamba Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000. Kuingia Malawi, karatasi zako za asili ya bidhaa ni za SADC. Kuingia Burundi, ni za Afrika Mashariki. Na msamaha wa ushuru wa forodha haukuondolei kodi ya kileo. Nimewaona watu Songwe wakilia kwa kutolijua hili.

Duka lafungwa

Mwaka 2023 ilitoka amri kwamba wakimbizi wote waliokuwa wakiishi mijini na vijijini Malawi warudi kambini, na kuanzia mwezi Mei ikatekelezwa. Mwenye Duka aliuza alichoweza kuuza kwa siku chache, kwa bei ya kutupa. Akaifunga milango, akarudi Dzaleka alikoingia mtoto, sasa akiwa na mke, watoto na magodoro juu ya gari la kukodi. Kambi iliyojengwa kwa ajili ya watu elfu kumi hivi ilikuwa na zaidi ya elfu hamsini. Mwezi Novemba mwaka huo huo kwacha ilishushwa thamani kwa asilimia 44. Mvinyo wa Afrika Kusini ukapanda kuliko nyama, na sharti letu la kilo tatu likafa lenyewe.

Nilipofika Agosti 2025 sikutegemea habari ya soksi. Nilikuwa na chupa mbili za Dodoma begani, za salamu tu. Lakini shemeji alinipokea na kusema, "Mwalimu, keti. Leo kuna mtihani." Mezani kulikuwa na chupa nne, zote zimevalishwa.

Fundi alikuwapo, naye amerudishwa kambini. Dereva alikuja kutoka mjini, kwani yeye ni mwenyeji na hana wa kumzuia. Tukaonja. Namba moja na namba tatu nilizitambua, zilikuwa zangu. Namba mbili ilinipeleka mbali: rangi ya dhahabu, harufu ya ndizi mbivu, lakini nyepesi na safi, bila uzito wa pombe yetu ya nyumbani. Ilikuwa mvinyo wa ndizi wa Karonga. Wengi mnaopita njia ile hamjui kwamba vikundi vya wakulima wa huko, baada ya kuchoka kutupa ndizi zilizoiva haraka kwa joto, vilifundishwa kuzigeuza mvinyo. Ndizi zilizoiva sana humenywa, hukatwa, huchanganywa na maji, sukari, hamira, zabibu kavu na limao, kisha hufunikwa na kuachwa kwa wiki kadhaa. Nguvu yake inakaribia ile ya mvinyo wa zabibu.

Namba nne niliinusa nikarudisha kikombe mezani. Ilinukia siki. Chini yake kulikuwa na ladha ya ndizi, nzuri, ila imefunikwa. Niliandika mbili. Fundi aliandika moja, na kwa mdomo wake usio na breki akasema hiyo ni ya kuwekea kachumbari. Dereva hakusema kitu. Alikuwa anaangalia mikono ya Mwenye Duka, akaelewa kabla yetu.

Soksi ikavuliwa. Chupa ilikuwa haina lebo.

"Ni yangu," alisema Mwenye Duka. "Nina ndoo tatu nyuma ya nyumba. Pesa iliyobaki ya duka nataka kuiweka humo. Ndiyo maana sikuwaambia."

Nimefundisha miaka mingi, nimewapa watoto sifuri nikalala usingizi. Ile mbili ilinikosesha usingizi. Ingekuwa rahisi kuigeuza kuwa sita na kumpongeza. Lakini mtu anayetaka kuzika akiba yake ya mwisho ndani ya ndoo hastahili sita ya adabu.

Tukakaa naye mpaka usiku. Kwanza siki. Kwetu urwarwa, ambao huchanganywa unga wa mtama, hunywewa mbichi siku chache tu baada ya kuiva, na kasiksi ya Wakongo vilevile, ndiyo maana mama zetu hawakuhangaika na hewa. Mvinyo wa kukaa miezi ni jambo jingine. Hewa ikiingia baada ya povu kutulia, vijidudu vya siki vinageuza kileo chote. Yeye alikuwa akifunika ndoo kwa kitambaa na kukifunua kila asubuhi kutazama, kama mtu anayechungulia mtoto aliyelala. Anahitaji mfuniko unaobana, na mpira mwembamba unaotoka juu na kuzama ndani ya kopo la maji, ili gesi itoke na hewa isiingie. Chupa zake zilikuwa zimesuuzwa tu, hazikuchemshwa.

La pili lilikuwa gumu zaidi, na alilisema shemeji. Karonga wanatumia ndizi ambazo zingeoza. Wao Dzaleka wananunua. Ugonjwa wa kudumaa uliimaliza migomba mingi ya Malawi, na kwa miaka mingi ndizi zikawa zikiagizwa Tanzania. Machi 2025 Malawi ikazuia mazao kadhaa kutoka nje, ndizi zikiwamo, na Aprili Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya kilimo ya Malawi. Katazo la Tanzania halikudumu, lakini mwenye ndoo tatu hawezi kuishi kwa kusubiri mawaziri wapatane. "Tutumie rozela," alisema shemeji. "Maua yake yanakaushwa, hayaozi, na hapa Dowa yanapatikana." Mumewe alimtazama kama mtu aliyesikia jambo hilo mara kumi, na hiyo ikiwa mara ya kwanza mbele ya mashahidi.

La tatu lilikuwa alama ya ubora. Bila kupimwa na Shirika la Viwango la Malawi, chupa yake haitauzwa nje ya uani, seuze kuvuka Songwe. Hapo hatukuwa na jibu. Mtu asiyeruhusiwa kuishi nje ya kambi atafungua kiwanda kwa jina la nani? Dereva alisema polepole kwamba jina lake lipo. Hakuna aliyejibu usiku ule. Ushirika wa namna hiyo umewahi kuvunja urafiki mzito kuliko wetu, na wote wawili walilijua.

Tulimaliza namba mbili, ya Karonga, na kipande cha chambo. Namba nne shemeji aliipeleka jikoni, na kesho yake tulikula kachumbari. Fundi alikuwa sahihi, ilifaa.

Wiki mbili zilizopita nilipata ujumbe wa simu kutoka Dzaleka. Ndoo mbili zimemwagwa, ya tatu ni ya rozela, na ina siku tisa tangu mpira uache kutoa mapovu. Yeye na Dereva wameandikiana karatasi mbele ya wazee. Ameniomba nikija Agosti nisibebe mvinyo, nimletee chupa tupu za Dodoma, zile nene, na vizibo vipya visivyowahi kutumika.