Mbwa Mzima kwa Parseli ya Wapangaji

Mjini Butembo watu wengi hawana ua wao peke yao. Parseli moja ina nyumba kadhaa za kupanga, choo kimoja, na watoto wa kila mlango wanacheza pamoja. Wengine wanaishi vyumba vya juu, duka likiwa chini. Humo ndimo mtu anataka kuweka mbwa kwa hofu ya wezi, na karibu kila anayeniuliza anaanza kwa kusema anataka mkali. Mimi humwambia atafute mtulivu, tena aliyekwisha kukua.

Kitoto cha mbwa hakionyeshi kitakavyokuwa. Mbwa wa miaka miwili au mitatu tabia yake imeshakaa, unaiona kabla hujamchukua. Ukubwa wa mwili si hoja kubwa sana. Mbwa mzima aliyetulia hulala saa 12 hadi 14 kwa siku, na mkubwa wa namna hiyo hasumbui jirani kama mdogo asiyejua kukaa. Wanaompenda mbwa wa Kijerumani, yule tunayemwita berger, wakumbuke kwamba alizalishwa kwa kazi ya kuchunga kondoo kutwa nzima. Hifadhi ya Virunga ilipoanza mwaka 2011 kutumia mbwa wa kunusa nyayo za majangili, kila mbwa alipata kazi, mazoezi na mtu wa kumwongoza. Mbwa wa kazi ukimfunga mnyororo kwenye kona ya parseli, atabweka usiku kucha na mwisho atauma.

Hata ukimya unaweza kudanganya. Mbwa wa Wambuti wa msitu wa Ituri, anayejulikana duniani kwa jina la Basenji, ana kilo 10 au 11 tu na habweki kama wengine. Hutoa sauti ya kupanda na kushuka, na wawindaji humvisha kengele ya mti shingoni wapate kujua alipo. Waingereza walimwonyesha kwenye mashindano ya Crufts mwaka 1937, na leo anafugwa hata kwenye nyumba za ghorofa huko Ulaya. Lakini ni mwindaji wa damu. Anaparamia ukuta, na kuku wa jirani hawatapona.

Kwa hiyo nenda ukamwone mbwa kwa mwenyewe, zaidi ya mara moja, na jioni moja uwepo. Bisha hodi, kisha usikilize. Anayefaa atabweka, atakuja kukutazama, na mwenye nyumba akimwambia basi atarudi kulala. Anayeendelea baada ya wewe kukaa na kupewa kiti, mwache. Mwombe mwenyewe amwekee chakula, nawe upite mbali kidogo bila kugusa sahani. Akiendelea kula huku mkia umelegea, ni dalili njema. Akikakamaa juu ya fufu yake, akakutazama kwa pembe ya jicho hadi weupe unaonekana, huyo asiingie kwenye parseli yenye watoto. Mtoke naye barabarani pia, kwa sababu mbwa anayekimbiza pikipiki ataangusha mtu siku moja.

Kwa anayeishi mji wa Beni naongeza maswali mawili. Manyoya yake ni mazito? Beni iko chini kuliko Butembo na joto lake ni kali zaidi. Tena, radi ikipiga anafanya nini? Mbwa anayevunja kamba kwa radi atafanya vibaya zaidi bunduki zikilia, na mji huo umezisikia mara nyingi mno.

Kwenye kichaa cha mbwa sina mzaha. Mbwa anaweza kukaa na virusi kwa wiki au miezi bila dalili, kwa hiyo usiokote mbwa ambaye asili yake huijui. Dai karatasi ya chanjo. Kama haipo, mpeleke kwa daktari wa mifugo kabla hajaanza kuzoeana na watoto. Butembo ina bahati, Chuo Kikuu Katoliki cha Graben kina kitivo cha tiba ya mifugo. Chanjo hiyo irudiwe kwa tarehe atakayoandika daktari. Mtu akiumwa na mbwa, kidonda kioshwe kwa maji na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, kwani dalili zikishaonekana kwa binadamu karibu hakuna anayepona.

Kabla ya kumleta, ongea na mwenye parseli na wapangaji wote, hasa wenye watoto wadogo. Siku za kwanza mpe mahali pamoja pa kulala, penye kivuli, na majirani waje kumzoea mmoja mmoja. Na mpatane mapema na aliyekupa: mwezi ukiisha na mbwa hajatulia, ampokee tena bila ugomvi.