Kwa Nini Sukari Hupanda Wakati wa Mimba?

Mama, watu hufurahi sana wakiona mutoto amezaliwa munene, na husema, "Huyu ana afya!" Lakini ukubwa wa mutoto si alama ya afya sikuzote. Mara nyingine ni alama kwamba sukari ilizidi katika damu ya mama wakati wa mimba. Soma maneno haya polepole, na uwasomee wale wasiojua kusoma.

KAZI YA KONGOSHO

Nyuma ya tumbo la chakula kuna kiungo kinachoitwa kongosho. Ndani yake kuna vikundi vidogo vya chembe, visivyoonekana kwa macho tu. Paul Langerhans wa Ujerumani alivieleza mwaka 1869, alipokuwa akijifunza uganga. Chembe hizi hufanya insulini na kuitia katika damu.

Bugali, ndizi na viazi unavyokula hugeuka sukari ndani ya damu. Sukari hii ni kama kuni: inaupa mwili nguvu. Lakini insulini ndiyo inayofungua mulango ili sukari iingie katika nyama ya mwili. Insulini ikipunguka, sukari inabaki nje, katika damu.

KONDO LA NYUMA LINATUMA WAJUMBE

Kondo la nyuma linamulisha mutoto tumboni, lakini lina kazi nyingine pia. Linatuma homoni katika damu ya mama. Homoni ni kama mujumbe anayepeleka neno toka kiungo kimoja hata kingine.

Neno la kwanza linaambia mwili wa mama: "Usichukue sukari yote, umwachie mutoto." Basi insulini ya mama inapunguka nguvu.

Neno la pili linaambia kongosho: "Ongeza kazi." Neno hili linaletwa na homoni ya kondo, pamoja na homoni ile inayotayarisha maziwa katika matiti. Chembe za insulini zikisikia neno hili, zinakua, zinaongezeka, na kutoa insulini nyingi zaidi. Ni kama wageni wanapofika nyumbani: mama anaweka chungu cha pili juu ya moto, na wote wanashiba.

Lakini kwa wamama wengine kongosho haliwezi kuongeza kazi ya kutosha. Wageni wamekuja, na chungu ni kimoja tu. Ndipo sukari inapanda. Ugonjwa huu unaitwa kisukari cha mimba. Si uchawi, wala si sababu ya kumulaumu mama.

TAABU YA MUTOTO

Sukari ya mama inapita katika kondo na kufika kwa mutoto, lakini insulini ya mama haipiti. Basi kongosho la mutoto mwenyewe linafanya insulini nyingi. Insulini hii inamunenepesha na kumukuza kupita kiasi. Wakati wa kuzaa, mabega yake yanaweza kukwama, na mama na mutoto wanaweza kuumia.

Baada ya kuzaliwa, sukari ya mama inakatika, lakini insulini ya mutoto ingali nyingi. Sukari yake inashuka upesi. Anaweza kutetemeka, kulegea, au kushindwa kunyonya. Asiposaidiwa, anaweza kupata kifafa, hata kufa.

UFANYE HIVI

1. Enda kupimwa mimba mapema. Ugonjwa huu mara nyingi hauna dalili. Damu hupimwa hasa kati ya juma la 24 na la 28.

2. Umwambie munganga kama ulizaa mutoto wa kilo 4 au zaidi, kama mutoto wako alizaliwa amekufa, au kama kuna ugonjwa wa sukari katika jamaa yako.

3. Ukiambiwa una sukari, usiache kula. Kula bugali kidogo, na sombe, maharagi au samaki kwa wingi zaidi. Acha soda na chai yenye sukari. Tembea kwa miguu kila siku, kama munganga hakukukataza.

4. Ukipewa sindano ya insulini, usiogope. Watu walianza kutibiwa nayo mwaka 1922, na inafanya kazi ile kongosho lako lililoshindwa kuitimiza.

5. Usizalie nyumbani. Zalia hospitali, ambapo sukari ya mutoto itapimwa. Umunyonyeshe kabla saa moja haijapita.

6. Kondo likitoka, wajumbe wake wanatoka pia, na mara nyingi sukari inarudi mahali pake. Lakini kongosho lako limeonyesha uzaifu wake. Rudi upimwe kati ya juma la 6 na la 12, na tena katika miaka inayofuata, kwa maana ugonjwa wa sukari unaweza kurudi na kukaa.

Wewe baba, usiseme hii ni habari ya wanawake tu. Umupe mama nafasi ya kwenda kupimwa, na umusindikize. Tone moja la damu linalopimwa kwa wakati wake linaweza kuokoa watu wawili.