Moyo Ukichoka, Miguu Nayo Hulegea

Baba wa jamaa akipatwa na ugonjwa wa moyo, watu wa nyumbani humketisha. Watoto humletea maji ya kunawa, mama humletea chakula pale pale kitini, naye akishika jembe hunyang'anywa mara moja. Upendo huo ni wa kweli. Lakini baada ya miezi michache baba hawezi tena kupanda ngazi za kanisa, Padri humletea Komunyo nyumbani, na wote husema: «Ni moyo.» Mara nyingi si moyo peke yake, ni miguu pia.

Moyo uliodhoofika hausukumi damu vema, na maji hujaa miguuni, tumboni na mapafuni. Hayo wengi wayajua. Wasilolijua ni kwamba misuli nayo huliwa. Hupata damu kidogo inapofanya kazi, tumbo lililojaa huondoa hamu ya chakula, na kukaa bure huzidisha hasara. Hata misuli ya kuvuta pumzi hulegea. Basi mgonjwa huhema, huogopa kutembea, na kwa kutotembea huzidi kudhoofika.

Mizani hudanganya hapa. Nyama ikipungua kilo 3 na maji yakiongezeka kilo 3, uzito ni ule ule. Tazameni mabega na mapaja. Waganga wa Ugiriki, wafuasi wa Hippocrates, waliyaona hayo zaidi ya miaka 2000 iliyopita: tumbo na miguu hujaa, mabega huyeyuka. Tena mwambieni mgonjwa akunje mikono kifuani, asimame na kuketi mara 5. Zikipita sekunde 15, miguu imedhoofika.

Tusiwalaumu watu wa nyumbani, kwani waganga wenyewe waliagiza kitanda kwa muda mrefu. Mwaka 1990 waganga wa Oxford, Uingereza, walitangaza habari ya wagonjwa wachache walioendesha baisikeli isiyosogea kwa majuma 8, wakapata nguvu. Mwaka 2009 jambo hilo lilipimwa kwa watu 2331, na mazoezi hayakuonekana kuwa ya hatari. Kwetu Afrika jambo hili ni zito: wagonjwa 1006 wa nchi 9 waliochunguzwa, habari zao zikatolewa mwaka 2012, walikuwa na umri wa miaka kama 52 kwa wastani. Mtu wa umri huo bado analipia watoto shule.

Mwenye kuvimba au kuhema akiwa ameketi asianze. Kwanza dawa za mganga ziondoe maji. Akitulia na mganga akikubali, atembee mahali tambarare kwa muda wa kumi moja la Rozari, na baada ya majuma aongeze la pili. Akishindwa kutamka Salamu Maria kwa sababu ya kuhema, apunguze mwendo.

Uji mtupu hautoshi. Apewe maharagwe, mayai, karanga zisizo na chumvi, samaki wabichi, kidogo kidogo mara nyingi. Makayabo yana chumvi mno, nayo chumvi huzuia maji mwilini. Mwenye ugonjwa wa figo amwulize mganga kwanza juu ya vyakula hivyo.

Apimwe kila asubuhi kabla ya kula. Kilo 2 zikiongezeka katika siku 3, hiyo si nyama iliyorudi, ni maji: aende hospitali siku ile ile.