Kutoka Luofu kwenda makumbusho: njia ipi inaufaa mfuko wako?

Mtu wa Luofu, huku mashariki mwa Kongo, akitaka kuona kwa macho yake vitu vya kale vya Lubero na Beni, kitu cha kwanza anachouliza ni kiingilio. Hilo ndilo swali dogo kuliko yote. Katika kila jumba nitakalolitaja hapa, tikiti ya mlangoni ndiyo gharama nyepesi kabisa. Pesa inaliwa na barabara, karatasi za safari na mahali pa kulala. Anayelinganisha bei za tikiti peke yake atachagua vibaya.

Sababu ya kuuliza tunayo. Aprili 2009 wapiganaji wa FDLR waliivamia Luofu usiku, wakachoma nyumba zaidi ya 200, na watoto wakafia ndani ya moto. Nyumba ikiungua hivyo, kigoda cha babu, ngoma na kinu vinakwenda na moshi, na mara nyingi familia haikuwahi kuvipiga hata picha. Tangu mji jirani wa Kanyabayonga ulipotekwa na waasi wa M23 Juni 2024, watu wamehama tena wakiwa na godoro kichwani na mtoto mgongoni. Hakuna aliyebeba kigoda. Kwa hiyo vile vilivyochukuliwa zamani na wamisionari, maofisa wa kikoloni na wachimbaji wa mambo ya kale, vikafungiwa kabatini mbali na hapa, vimepona kwa sababu havikuwa kwetu. Inaudhi kuliandika, lakini ndivyo mambo yalivyo.

Tuanze na bei kubwa kuliko zote, kwa kuwa ndiko kiliko kitu mashuhuri kuliko vyote.

Mfupa wa Ishango una urefu wa kama sentimita 10 tu. Mbelgiji Jean de Heinzelin aliuchimbua mwaka 1950 pale Ishango, teritwari ya Beni, mahali mto Semliki unapotoka Ziwa Edward. Wataalamu wanaukadiria kuwa na miaka 20,000 au zaidi. Ni wa rangi ya kahawia, una kijiwe kigumu kilichopachikwa kwenye ncha moja, na ubavuni umechanjwa mistari midogo iliyopangwa kwa safu tatu. Safu moja ina mafungu ya mistari 11, 13, 17 na 19. Nyingine ina 11, 21, 19 na 9. Zote mbili zinajumlika kuwa 60. Safu ya katikati inakwenda 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5, 7, jumla 48. De Heinzelin aliona humo hesabu. Mmarekani Alexander Marshack akaona kalenda ya mwezi. Wengine wanasema mistari ilikuwa ya kushikia tu ili mkono usiteleze. Ubishi haujaisha. Ila mwenye mfupa aliishi kando ya ziwa lile lile ambalo leo wavuvi wa Kyavinyonge wanalitegemea, na kando yake zilipatikana chusa za mfupa za kuvulia samaki.

Mfupa wenyewe uko Brussels, katika makumbusho ya Taasisi ya Kifalme ya Sayansi Asilia ya Ubelgiji. Haya, piga hesabu. Pasipoti ya Kongo iliuzwa dola 185 kwa miaka mingi, na tangu 2020 bei rasmi imeshuka chini ya dola 100. Viza ya Schengen ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa, pesa hiyo hairudi. Juu yake kuna bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000, na kwa anayeombea viza nyumbani, faili inapelekwa Kinshasa. Maana yake unalipa ndege ya kukuvusha Kongo nzima, unalala Kinshasa ukisubiri jibu, ndipo unaanza kuhesabu nauli ya kwenda Ulaya. Baada ya yote hayo unaonyeshwa kitu kinachojaa kiganjani, nyuma ya kioo.

Karibu na Brussels kuna Tervuren, penye Jumba la Kifalme la Afrika ya Kati. Humo mna vitu vya kitamaduni zaidi ya laki moja, vingi vikiwa vimetoka Kongo. Februari 2022 Waziri Mkuu wa Ubelgiji, Alexander De Croo, alimkabidhi mwenzake wa Kongo, Sama Lukonde, orodha ya vitu kama 84,000. Jumba lilipofunguliwa upya Desemba 2018, mtu mzima alilipa euro 12 na aliye chini ya miaka 18 akaingia bure. Tramu namba 44 inakufikisha karibu na mlango kwa tikiti ya kawaida ya mjini. Kumbe ukishafika Ubelgiji mambo ni rahisi! Lakini usidhani ukilipa utaona vyote. Kinachowekwa kwenye kumbi ni sehemu ndogo sana, vingine vimelala ghalani. Kikapu cha Lubero au ngao ya Beni inaweza kuwa ghorofa chini ya miguu yako nawe ukapita bila kujua, kama hukuandika barua mapema kuomba miadi.

Uamuzi wangu kuhusu Ubelgiji ni huu: usifunge safari kwa ajili ya makumbusho. Ukiwa na ndugu wa kukualika, masomo au biashara ya kukupeleka, ongeza siku mbili.

Kinshasa inapendeza zaidi kwa maneno kuliko kwa hesabu. Jumba la Taifa la Makumbusho lilizinduliwa Novemba 2019 kwenye Boulevard Triomphal, likijengwa kwa msaada wa Korea Kusini wa kama dola milioni 21. Ni la kisasa, kumbi zake zinaweza kubeba vitu kama 12,000, na Juni 2022 Mfalme Philippe alileta huko barakoa ya Kakuungu ya Wasuku kama mkopo usio na kikomo. Hapahitajiki viza wala kubadilisha fedha. Tatizo ni kwamba kutoka Beni au Butembo hakuna barabara ya kukufikisha Kinshasa, na nauli ya ndege inakula pesa ambayo ingekupeleka Kampala na kukurudisha zaidi ya mara moja. Tena jumba la taifa lina makabila mamia ya kuwakilisha. Usitarajie Wanande, yaani sisi wa Lubero na Beni, wapewe ukumbi wao. Mwenye faili wizarani apite. Mwingine asijisumbue.

Huye, kule Rwanda, kuna jumba zuri la maisha ya kale lililofunguliwa 1989, zawadi ya Mfalme Baudouin wa Ubelgiji. Ila kilichomo ni cha Wanyarwanda, na hali ya njia ya Goma siku hizi kila mtu anaijua.

Inabaki Kampala, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nusu ya wenye maduka Butembo tayari wameshalipa nauli bila kujua.

Jumba la Makumbusho la Uganda lilianzishwa mwaka 1908, na tangu 1954 liko mlima Kitante, Kira Road, kwenye jengo lililochorwa na Mjerumani Ernst May. Kutoka Kikuubo, mahali mnapofungia mizigo, ni mwendo mfupi wa bodaboda. Kiingilio kinalipwa kwa shilingi, kwa makundi: Waganda, wageni, watoto. Hata kiwango cha mgeni ni kidogo ukikiweka kando ya bei ya chumba. Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, kwa hiyo ukifika dirishani uliza bei ya mwanajumuiya kabla hujatoa noti, na uwe na kitambulisho mkononi. Muuza tikiti akikataa, umepoteza dakika moja tu.

Kwa nini Mnande aende kwa Waganda? Kwa sababu Wakonjo wa Kasese na Wanande wa Beni ni watu wamoja waliokatwa na mpaka. Rwenzori ina pande mbili, lugha ni ile ile. Na sehemu inayosifika zaidi Kitante ni ya ala za muziki. Klaus Wachsmann, aliyelisimamia jumba hilo miaka ya 1940 na 1950, alikuwa mtaalamu wa muziki, na alitaka ala zipigwe, zisining'inizwe tu ukutani. Zeze, marimba, filimbi na ngoma zimepangwa kwa namna ambayo mtu wa kwetu anatambua sura za nyumbani hata pale kibandiko kinapotaja kabila jingine. Nyuma ya jengo zimejengwa nyumba za kienyeji za sehemu mbalimbali za Uganda, na unaingia ndani.

(Mwaka 2011 serikali ya Uganda ilitaka kulibomoa jumba hili ijenge mnara wa biashara wa ghorofa 60. Watu walipinga hadi mahakamani, na jumba bado limesimama. Wafanyabiashara wenzangu, tusiombe mnara huo urudi.)

Kwa anayetoka Butembo kwa ajili ya makumbusho tu, gharama si ndogo. Butembo hadi Beni ni kilomita 54, Beni hadi Kasindi kama 80, kisha kutoka Mpondwe hadi Kampala zaidi ya 400. Hesabu nauli ya kwenda na kurudi, hati ya kusafiria na malazi ya angalau siku mbili. Ada ya viza iliyokuwa dola 50 iliondolewa kwa makubaliano ya nchi mbili kuanzia Januari 2024. Atakayekudai mpakani mwombe risiti. Kati ya Beni na Kasindi safiri mchana, baada ya kuuliza hali ya njia. Anayetoka Luofu aongeze kipande cha kufika Butembo, ambacho tangu 2024 hupangwa kwa habari za asubuhi ile ile. Na kumbuka ukivuka Kasindi saa inaruka mbele: saa nane mchana kwako ni saa tisa Kampala. Wapo waliofika mlangoni wakati wa kufunga kwa sababu hiyo.

Lakini kwa mfanyabiashara ambaye anakwenda Kampala kufuata mzigo, nauli na chumba vimeshahesabiwa kwenye bei ya bidhaa. Kwake makumbusho ni bodaboda mbili, kiingilio na nusu siku wakati gari linapakiwa. Hakuna njia nyingine yenye bei hiyo kwa vitu halisi. Mwenye mtoto wa shule ampeleke wakati wa likizo.

Asiye na safari yoyote ana simu. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki aliyeanzisha maktaba ya muziki wa Afrika iliyoko Makhanda (zamani Grahamstown), Afrika Kusini, alipita ukingoni mwa msitu wa Ituri akirekodi Wabudu, Wambuti, Wabira na Wanande. Rekodi hizo zilitolewa tena kwenye sidii, na maktaba yake, ILAM, imeweka sehemu kubwa ya hazina hiyo kwenye intaneti. Sauti inakula megabaiti chache kuliko video. Kijana mmoja akisikiliza kwenye Wi-Fi ya chuo Butembo kisha akampigia bibi wimbo huo sebuleni, atapata maelezo ambayo hayako kwenye orodha yoyote. Tervuren nao wameweka mtandaoni sehemu ya picha na orodha zao. Ukitafuta, jaribu majina kama walivyoyaandika wakoloni: Nande, Wanande, Banande, Konjo, Beni, Lubero, Kivu. Usiandike «Yira», jina tunalojiita wenyewe, peke yake ukakata tamaa.

Na barua pepe kwa mhifadhi haina bei. Iandike kwa Kifaransa, fupi: wewe ni nani, unatafuta kitu gani, cha eneo gani, cha miaka gani. Ukiandika «nataka vitu vyote vya kabila langu» utajibiwa kwa kuelekezwa kwenye tovuti. Ukiuliza «mna vitu vilivyokusanywa Lubero kabla ya 1960, na nani alivileta?» umempa kazi inayofanyika. Shule na vyuo husikilizwa upesi zaidi kuliko mtu binafsi, kwa hiyo omba muhuri wa shule.

Walimu wa hesabu wa Luofu, Kayna na Kirumba wanaweza kuchukua njia ya bei ndogo kuliko hata simu. Kata kijiti cha mti mgumu cha sentimita 10, uchanje safu tatu kwa idadi nilizozitaja juu, na uwape wanafunzi wajumlishe wenyewe hadi wafikie 60, 60 na 48. Waulize kwa nini 11, 13, 17 na 19 zimekaa pamoja. Anayejua namba tasa atashtuka. Mfupa halisi hauguswi na mtu yeyote anayelipa tikiti Brussels. Cha mti kinazunguka darasani mkono kwa mkono.

Ombi langu la mwisho ni kwa ndugu zetu walioko Ubelgiji. Makumbusho ya serikali kuu huko huwa na desturi ya kufungua kumbi za kudumu bure mchana wa Jumatano ya kwanza ya mwezi. Hakikisheni saa kabla ya kutoka. Nendeni na simu, mzime mwanga wa kamera, mpige mfupa pande zote pamoja na kibandiko chake, kisha mtume picha kwenye kundi la WhatsApp la shule mliyosoma.